Jino Lililozidi Kimo na Kiungo cha Taya: Tuliyojifunza Kwenye Kiti cha Matibabu

Malalamiko yanayotufikia sana ni haya: "Tangu nizibwe jino hili siumi sawasawa, na sasa taya linaalika." Mgonjwa ameshapiga hesabu yake, kwamba jino ndilo lililoharibu taya. Kuna siku hesabu hiyo ni sahihi. Lakini mara nyingi pia mambo yamekwenda kinyume: kiungo au msuli ndio uliobadilika kwanza, meno yakafuata. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu jino likishasagwa halioti tena. Kama chanzo hakikuwa jino, maumivu yatabaki palepale na mgonjwa atakuwa amepoteza enameli bila faida yoyote.

Weka ncha ya kidole mbele ya tundu la sikio, fungua mdomo polepole, utakihisi kichwa cha taya. Mwanzoni kinazunguka tu mahali pake. Mdomo ukishafunguka milimita 20 hadi 25 hivi, kinaanza kuteleza kwenda mbele na kushuka kwenye mwinuko wa mfupa ulio mbele ya shimo lake. Kati ya kichwa hicho na mfupa wa fuvu imelala diski ya gegedu lenye nyuzi: nene upande wa nyuma, kama milimita 3, nyembamba katikati, kama milimita 1, kisha inanenepa tena kidogo mbele. Diski hiyo inagawa kiungo vyumba viwili. Mzunguko hufanyika chumba cha chini, mtelezo chumba cha juu. Kwa mtu mzima, katikati ya diski hamna mishipa ya damu wala ya fahamu. Inalishwa na ute wa kiungo, nao ute huingia na kutoka kadiri taya linavyokandamizwa na kuachiwa. Nyuma ya diski kuna tishu laini iliyojaa mishipa ya aina zote mbili. Diski ikisogea mbele kuliko inavyostahili, kichwa cha taya huanza kukalia tishu hiyo ambayo haikuumbwa kubeba mzigo. Maumivu mengi ya ndani ya kiungo hutoka hapo, na kwenye kifuko kinachokizunguka pamoja na utando wa ndani unaotoa ute.

Kichwa chenyewe cha taya nacho si kama vichwa vya mifupa ya goti au nyonga. Hakikufunikwa na gegedu laini la kung'aa, bali na tabaka la nyuzi ngumu. Chini yake kuna tabaka la seli zinazoweza kuzaliana hata baada ya ukuaji kwisha, kisha gegedu, kisha mfupa. Mpangilio huu ndio unaokipa kiungo cha taya uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Mzigo ukibadilika taratibu na kwa kiasi, tabaka hizo hubadilisha unene na umbo, na mwenyewe hasikii chochote. Picha za kiungo za watu wasio na maumivu huonyesha vichwa vilivyobapa kidogo mara nyingi tu. Mzigo ukizidi uwezo huo, au uwezo wenyewe ukipungua kwa ugonjwa, seli huanza kufa, vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni huongezeka, gegedu hupungua na mfupa wa chini yake hudhoofika. Hapo si kujirekebisha tena, ni kuchakaa.

Sasa mzigo hufikaje huko juu kutoka kwenye jino? Misuli ya kutafuna huvuta sehemu iliyo kati ya kiungo na meno, kwa hiyo kila mng'ato mkali hugawanywa: sehemu kwa jino, sehemu kwa kiungo. Jambo ambalo wengi hulielewa kinyume ni kwamba ukiuma kitu kigumu upande wa kulia, kiungo kinachobeba zaidi kwa kawaida ni cha kushoto. Tunalitumia kila siku. Mgonjwa anayeumwa kiungo cha kulia tunampa kijiti bapa cha mbao akibane kwa magego ya kulia. Maumivu yakipungua, na kisha akibana kushoto yakaongezeka kule kulia, shaka yetu inaelekea ndani ya kiungo chenyewe. Yakiongezeka kwa kubana upande uleule wa kulia, tunatazama misuli kwanza. Si kipimo cha kutegemewa peke yake, lakini kinachukua dakika moja na hakimdhuru mtu. Kutokana na hilo pia tunamshauri mwenye kiungo kinachouma asikimbilie kutafunia upande usiouma kama wengi wanavyofanya. Kwa siku hizo chache kutafuna chakula laini upande uleule unaouma humpunguzia kiungo mzigo, ingawa mwanzoni ushauri huu humshangaza.

Turudi kwenye jino lililozibwa likabaki juu. Utando unaoshikilia mzizi kwenye mfupa una unene wa kama sehemu ya tano ya milimita, na una vihisio vikali mno: meno yanaweza kutambua kitu chenye unene wa mikroni 20, yaani sehemu ya hamsini ya milimita, hata chini ya hapo. Kwa hiyo mdomo hugundua kasoro kabla ya daktari. Kinachofuata huwa na mpangilio wake. Kwanza jino lenyewe huanza kuuma likiguswa na huweza kulegea kidogo. Kisha misuli inajifunza kulikwepa: taya hufumba kwa kupinda, na misuli ya shavuni na ya kwenye panja, kati ya jicho na sikio, inachoka. Kiungo huja mwishoni, tena si kwa kila mtu. Meno nayo hayakai kimya. Lililo juu huzama taratibu, mengine huinuka kulifuata. Mwaka 1975 Bjørn Dahl, daktari wa meno wa Norway, na wenzake walionyesha jambo hili kwa makusudi: waliweka kifaa kilichofanya meno ya mbele tu yagusane, ya nyuma yakaachana, na baada ya miezi kadhaa ya nyuma yakawa yamekutana tena. Watoto wanaovishwa kofia za chuma kwenye magego bila kuchongwa hubaki mdomo umeinuka siku za kwanza, na ndani ya wiki chache meno yao hukutana tena vizuri. Kwa mtu mzima mwenye afya, hata kimo cha mdomo mzima kikiinuliwa kwa mpangilio hadi milimita 5, kwa kawaida huzoea baada ya wiki moja au mbili za kuhisi ugeni.

Basi kwa nini wengine huumia kwa sehemu ya kumi ya milimita? Jibu tulilolifikia ni muda wa mgusano. Meno hayatakiwi kugusana saa zote. Taya likipumzika kuna nafasi ya milimita 2 hadi 4 kati ya meno ya juu na ya chini, na ukijumlisha kutafuna na kumeza, mgusano wa kweli kwa siku nzima haufiki nusu saa. Mtu anayekaza meno akiwa kazini au barabarani anaweza kuyashikanisha kwa saa kadhaa. Kwa mtu huyo jino lililo juu halipati nafasi ya kuzama kwa amani: analitafuta kwa ulimi, analibana kulijaribu, analisugua, na misuli haipumziki. Tumejifunza kumwuliza mgonjwa swali moja kabla ya kuchukua mashine: "Hivi sasa ulivyokaa, meno yako yanagusana?" Wengi hunyamaza kidogo, kisha huitikia kwamba ndiyo.

Maabara zinatuonyesha tishu zinavyopita katika njia hii. Panya waliobandikwa vipande vya chuma kwenye meno ya mbele ili yakutane vibaya huonyesha, ndani ya wiki chache, gegedu la kichwa cha taya likipungua, seli zikifa na mfupa wa chini yake ukipoteza uimara. Vipande vikiondolewa, sehemu ya uharibifu huo hurudi nyuma. Upande mwingine, panya waliolishwa vyakula vilivyosagwa tu tangu wadogo huwa na gegedu jembamba kuliko wenzao, maana tishu hii inahitaji kazi ili ijengeke. Ndiyo sababu hatumwachi mtu kwenye uji na supu miezi mitatu. Hata hivyo tunawaonya wenzetu wasimhamishie binadamu kila wanachokiona kwa panya. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, na kiungo chake hakina ule mwinuko wa mfupa ambao kichwa cha taya letu hushukia.

Kwa binadamu historia imetufundisha unyenyekevu. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, aliandika kwamba kupoteza magego hufanya taya lifumbe kupita kiasi, kichwa chake kikandamize sehemu za karibu na sikio, na hivyo kuleta maumivu, kelele za sikioni na kizunguzungu. Maelezo yake ya anatomia hayakusimama, lakini wazo la kwamba ubaya wa mgusano ndio mzizi wa kila kitu liliendelea kutawala, na meno mengi yenye afya yalisagwa kwa jina la kusawazisha. Utafiti uliofuata ulikuta uhusiano dhaifu. Uchambuzi wa miaka ya 1990 ulibaki na mambo machache yenye uzito kidogo: meno ya mbele yasiyokutana kwa sababu ya umbo la mifupa, meno ya juu kutangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 6 hadi 7, taya kuteleza zaidi ya milimita 4 kutoka mgusano wa kwanza hadi meno yanapofumba kabisa, magego ya upande mmoja kukutana kinyume, na kukosa meno matano au zaidi ya nyuma. Mapitio ya mwaka 2003 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi kwamba kusaga meno kunatibu au kuzuia maradhi ya kiungo hiki. Watu waliobakiwa na magego madogo bila magego makubwa, waliofuatiliwa kwa miaka Uholanzi, hawakuonekana kuugua kiungo kuliko wenye meno kamili. Na utafiti mkubwa wa Marekani uitwao OPPERA ulipofuatilia watu wazima kabla hawajaanza kuumwa, ulikuta kwamba maumivu mengine mwilini, usingizi mbaya, msongo wa mawazo na hali ya afya kwa jumla vinabashiri sana nani ataumwa.

Ukiitazama tena ile orodha ya miaka ya 1990, utaona baadhi ya vitu hivyo vinaweza kuwa matokeo ya kiungo kilichoharibika. Hapa ndipo tunapokaa sana na mgonjwa. Akisema magego ya upande mmoja hayakutani tangu jana asubuhi, na ni upande uleule unaouma, mara nyingi kiungo kimejaa maji na kichwa cha taya kimesukumwa chini kwa milimita moja au chini ya hapo. Ukisaga meno ya upande mwingine ili "kusawazisha", uvimbe ukipungua wiki ijayo utakuwa umemtengenezea kasoro mpya ya kudumu. Meno ya mbele yanayoachana polepole mwezi baada ya mwezi, hasa kwa msichana au mwanamke kijana, yanatulazimu kufikiria kwamba vichwa vya taya vinayeyuka na kufupika. Ugonjwa wa baridi yabisi huweza kufanya hivyohivyo. Msuli ulio ndani nyuma ya magego ya juu ukijikaza ghafla huvuta taya mbele, na mgonjwa anahisi meno ya mbele yanagongana kabla ya mengine. Baada ya pigo la kidevu, mgusano wa mapema kwenye magego ya upande mmoja huku taya likipinda kuelekea upande huohuo linapofunguka ni dalili ya kuvunjika shingo ya kichwa cha taya, na hiyo ni kazi ya picha na daktari wa upasuaji.

Kwa hiyo rula huja kabla ya mashine. Tunapima umbali kati ya ncha za meno ya mbele mdomo ukiwa wazi kabisa, tunajumlisha na kiasi ambacho meno ya juu hufunika ya chini. Watu wengi wazima hufikia milimita 40 hadi 55. Aliyekwama kwenye 25 au 30, akipinda kuelekea upande unaouma, na aliyekuwa na mlio wa kualika ambao umekoma ghafla, huenda diski imekwama mbele. Ukisukuma taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, tatizo likiwa la msuli, mdomo huongezeka kufunguka milimita kadhaa; likiwa la diski, hugota. Mlio wa kualika usio na maumivu na usiozuia mdomo kufunguka hauhitaji tiba, na tunamwambia mgonjwa hivyo waziwazi ili asitoke akitafuta mtu wa kumfanyia kazi isiyohitajika. Mkwaruzo kama wa mchanga unaeleza gegedu lililochakaa, nao pia huweza kuwapo miaka mingi bila maumivu.

Pale jino linapokuwa kweli limezidi, kazi ni ya subira. Makosa mengi huanza kabla hata ya kuchonga, kwa kutoandika meno yalivyokuwa yakikutana. Chukua utepe mwembamba wa chuma wa mikroni 8, uweke kati ya meno ya jirani na upande wa pili, mgonjwa afumbe, uvute: andika ni meno gani yanaushika na yapi yanauachia. Ukimaliza kuziba, meno yaleyale yanapaswa kuushika tena. Kama yaliyoushika sasa yanauachia, kazi yako iko juu, hata kama mgonjwa anasema yuko sawa, kwa kuwa ganzi inamdanganya na uchovu unamfanya atake kwenda nyumbani.

Kausha meno kwa pamba na hewa, kwani karatasi ya rangi, ile inayoacha alama meno yanapogusana, haiandiki penye mate. Anza na nyekundu, mgonjwa asugue meno kushoto, kulia na mbele. Kisha ya bluu yenye mikroni 40 au chini yake, agonge meno mara mbili tatu bila kusugua. Karatasi nene ya mikroni 200 hupaka kila mahali na kukuletea alama za uongo. Alama kubwa nyeusi si lazima iwe ndiyo nzito. Inayotia shaka ni ile yenye ukingo wa rangi na katikati peupe, kwa kuwa pale katikati rangi imebanwa ikatoka. Punguza hapo kwa kichwa laini cha almasi na maji, kidogo sana, pima tena. Usipunguze hadi jino lisiguse kabisa, maana litainuka na kurudi juu. Kabla hujamwachia mgonjwa, mkalishe wima na upime upya, kwa sababu akilala chali taya hurudi nyuma na mgusano unabadilika. Mwambie arudi ganzi ikiisha iwapo jino hilo linatangulia mengine. Akirudi kwa wakati, ni dakika tano. Akingoja mwezi, utakuta jino, msuli na wasiwasi vimeshachanganyika.

Miadi mirefu yenyewe huumiza kiungo, na lawama huangukia jino. Saa moja na nusu mdomo wazi huvuta kifuko na kuchosha misuli, na sindano ya ganzi ya taya la chini ikiingia kwenye msuli huweza kuacha mdomo mgumu kufunguka kwa siku kadhaa. Mpe mgonjwa kizibo cha mpira akiume na mwache afumbe kila baada ya dakika chache.

Kwa maumivu yaliyokwisha kuanza tunatanguliza yanayoweza kurudishwa nyuma. Midomo ifumbe, meno yaachane, ulimi utulie juu nyuma ya meno ya mbele; mtu ajikague hivyo mara nyingi kwa siku, kila simu inapoita kwa mfano. Kitambaa chenye joto na unyevu shavuni kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Chakula laini kilichokatwa vipande vidogo kwa wiki moja au mbili, bila ubani wa kutafuna, na mwayo uzuiwe kwa ngumi chini ya kidevu. Dawa ya maumivu ya kupunguza uvimbe husaidia siku chache, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito aulize kwanza. Wengi hupata nafuu kwa haya tu.

Kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku kina nafasi yake, mradi kifunike meno yote ya taya moja, kiwe na unene wa kama milimita 2 kwenye magego, na meno yote ya upande wa pili yakiguse kwa usawa. Kinachofunika meno machache tu, kikivaliwa mfululizo, huacha meno mengine yainuke au yale yaliyofunikwa yazame, na mgonjwa hubaki na mgusano mpya aliotengenezewa na tiba. Vile vya kusogeza taya mbele kwa ajili ya kukosa pumzi usingizini hubadilisha mgusano kidogokidogo kwa miaka. Hilo lisemwe kabla ya kuanza, na vipimo viandikwe.

Ziko dalili ambazo hatuzisubirishi: mdomo kukaza pamoja na homa au uvimbe, ganzi ya mdomo wa chini au kidevu isiyo na sababu, na mtu aliyepita miaka 50 anayechoka taya akitafuna huku panja likiuma au macho yakififia. Huyo wa mwisho anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuwa imevimba na uwezo wa kuona uko hatarini.

Yupo pia mgonjwa ambaye mgusano wake haujawahi kutulia: ameshasagwa meno na watu kadhaa, vipimo viko sawa, lakini bado anahisi meno hayakai. Kila anayemsaga humwongezea tatizo. Kwake tunaacha mashine kabisa, tunamweleza kwamba hisia zake ni za kweli na kwamba zimekaa kwenye namna ubongo unavyosoma meno, tunamshirikisha mtaalamu wa maumivu au wa afya ya akili. Kwa wengine wote, kazi yoyote ya kudumu, iwe madaraja ya meno ya bandia, waya za kunyoosha meno au upasuaji, tunaisubirisha mpaka mgusano umekaa vilevile angalau miezi 6. Pale tunaposhuku kichwa cha taya kinayeyuka, tunangoja mwaka au zaidi, huku tukilinganisha mifano ya plasta ya meno na picha za mwanzo kila anaporudi.